Laptopu isiyo na betri kwenye stesheneri yangu: uzoefu wangu

Dell Latitude E6430 ninayofanyia kazi kwenye stesheneri yangu hapa Morogoro haina betri kabisa. Betri nimeshaitoa, na mahali pake pamebaki wazi. Kutwa nzima inachapa barua, inajaza fomu za mikopo ya wanafunzi na kutuma maombi ya ajira, ikitumia umeme wa ukutani peke yake. Wateja wakiiona huniuliza kama haitaungua. Wengine wana laptopu nzuri tu zimefungiwa kabatini kwa sababu betri zimekufa, na hao ndio hasa ninaowaandikia.

Haiungui. Chaja inatoa volti 19.5, na ndani ya mashine kuna saketi zinazozishusha kulingana na mahitaji ya prosesa (ubongo wa mashine), kumbukumbu ya muda (RAM) na kioo. Betri ni njia ya pili ya umeme. Isipokuwepo, njia ya kwanza inaendelea na kazi. Mimi niliitoa kwa sababu ya uzee, ilikuwa imeanza kuvimba. Hilo msilichukulie kirahisi. Betri ya lithiamu ikivimba ina gesi ndani, na ikitobolewa au kubanwa inaweza kushika moto. Usiitoboe kutoa hewa, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Kwenye modeli hii inatoka kwa mkono tu, lakini laptopu nyembamba za sasa betri zake zimefungwa kwa ndani, wakati mwingine kwa gundi, kwa hiyo mpe fundi.

Si mashine zote zinazokubali hali hii sawasawa. Zipo zinazogoma kuwaka bila betri. MacBook za zamani ambazo betri yake hutolewa, Apple wenyewe walieleza kwamba zikiwa bila betri hupunguza kasi ya prosesa, kwa kuwa prosesa ikihitaji umeme mwingi kwa ghafla, betri ndiyo huongezea pale chaja inapopungukiwa. Kwa hiyo jaribu ya kwako kwanza.

Kwangu mimi, mambo yote yako kwenye chaja. Chaja za Dell za aina hii zina pini nyembamba katikati ya kichwa, na kupitia pini hiyo mashine husoma uwezo wa chaja. Isiposomeka, mashine inapowaka hutoa onyo kwamba aina ya chaja haijatambulika, kisha inashusha kasi. Niliwahi kutumia chaja ya bei rahisi isiyo na jina, na prosesa yangu, i5-3320M ambayo kasi yake ya kawaida ni gigahetsi 2.6, ikawa inatambaa kwenye 1.2. Kufungua faili la PDF tu ni kusubiri. Nilipoweka chaja halisi ya wati 90, yaani volti 19.5 na ampea 4.62, kasi ikarudi. Chaja ya wati 65 ya kampuni hiyohiyo inawasha pia, lakini bila betri napendelea ile kubwa kwa ajili ya nafasi ya ziada. Wengine wanaogopa kwamba chaja kubwa itaiunguza mashine: hapana. Volti ndizo zinazotakiwa zilingane. Umeme unaovutwa ni ule mashine inaouhitaji.

Kuna kitu kidogo ambacho watu hawakifikirii, nacho ni ile betri ya duara ya saa, CR2032 ya volti 3. Betri kubwa ikiwa imetoka na hiyo ndogo nayo imekwisha, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Hapo ndipo unaona kivinjari kinagoma kufungua tovuti za serikali na za benki, kinasema muunganisho si salama, kumbe ni tarehe tu, maana vyeti vya usalama vya tovuti vina muda wake maalumu. Mwanafunzi amekaa mbele yako, dirisha la maombi linafungwa leo, na mtandao upo. Badilisha hiyo betri ndogo mapema. Bei yake haiumizi.

Sasa umeme kukatika. Bila betri mashine inazima papo hapo, na kazi ambayo hujaihifadhi imekwenda. Word kwa kawaida huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Mimi nimeweka dakika 1. Usiiache pia katika hali ya usingizi (sleep), kwa sababu kazi iliyo kwenye kumbukumbu ya muda inapotea umeme ukikatika. Izime kabisa.

Hata hivyo kilichoniletea amani ni UPS ndogo, yaani kiboksi kinachoendelea kutoa umeme kwa muda wa ukuta ukikatika, yenye uwezo wa VA 650. Ndani yake kuna betri ya volti 12, ampea-saa 7, na laptopu inayochapa tu haivuti umeme mwingi, hivyo napata muda wa kumaliza ukurasa, kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Nimechomeka na ruta hapohapo ili fomu iliyo nusu itumwe. Printa ya leza sijaichomeka wala sitaichomeka kwenye UPS hiyo: inapopasha joto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS ndogo inazidiwa na kuzima kila kitu.

Ukitaka kusasisha BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine, tafuta betri ya kuazima kwanza. Dell huzuia zoezi hilo kama hakuna betri yenye chaji, na wana haki, kwani umeme ukikatika katikati mashine inaweza isiwake tena.

Kwa mtu wa kuhamahama na vipindi chuoni, sishauri mtindo huu, nunua betri. Kwa anayekaa mezani kutwa, nasema bila wasiwasi kwamba fedha ya betri uiweke kwenye chaja halisi na UPS. Na ukienda kununua laptopu ya mtumba kwa kazi ya mezani, mwombe muuzaji atoe betri mbele yako, chomeka chaja, iwashe, kisha tikisa waya taratibu pale kwenye tundu. Ikizima, tundu limelegea: ashushe bei kwa kiasi cha gharama ya kulitengeneza, au muachie mashine yake.