Vijia vya kitambaa: mifarishi mitatu ya kuangika

Mfarishi, yaani nguo ya tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, ukiwa na picha ya kijia hukaguliwa kwa kidole kabla ya jicho. Pitisha kidole kutoka kwenye majani hadi njiani. Kikishuka, fundi ameelewa anachokishona. Kikipanda, amebandika utepe juu ya nguo. Kijia chochote cha watu wa miguu ni majani yaliyokufa kwa nyayo na udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo huwa chini kidogo ya pembezoni mwake, na mvua ya masika ikinyesha maji hukimbilia humo humo.

Kwa kipimo hicho tumeikagua mifarishi mitatu ya ukutani iliyo katika duka dogo la kazi za mikono Mji Mkongwe, yote ya kikundi kimoja cha mafundi. Mmoja ni viwanja vya Michenzani, mjini Zanzibar, baina ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ambako watu hukatisha majanini wasijali njia ya saruji. Wa pili ni kilima cha Pemba chenye mikarafuu. Wa tatu ni pwani ya mashariki ya Unguja maji yakiwa yamekupwa, na njia wanayopita wakulima wa mwani. Kila mmoja una upana wa sentimita 110 na urefu wa 150, kama kipande kimoja cha kanga kilichosimamishwa. Bei si ndogo: ya mmoja inatosha doti 30 za kanga.

Wa Pemba ndio kazi hasa. Uwanda wake wa kijani umeungwa kwa kanda nyembamba za vitambaa, ukanda kwa ukanda, kama ukili unavyoungwa kuwa mkeka, na vivuli vya kijani vinakolea kadiri unavyoshuka bondeni. Kijia hakikushonwa juu yake. Chini ya uso wa kijani kimetandikwa kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu, njia ikachorwa kwa chaki, vitambaa vyote viwili vikapigwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, pande zote za mstari, kisha kile cha juu kikachanwa katikati kwa mkasi wa ncha kali mpaka wekundu ukachungulia. Kingo zimekunjwa ndani kiasi cha milimita 5 na kushonewa kwa mkono, mishono imefichwa.

Ugumu wa namna hii uko kwenye mapindo ya njia. Ukingo ulioinama kuelekea ndani haukubali kukunjwa mpaka ukatwe vijikato vidogo, kimoja kila sentimita au chini ya hapo, na kila kimoja kisimame milimita 2 kabla ya mstari. Ukikata pungufu, pindo linatoka na pembe badala ya mviringo. Ukizidisha, nyuzi zinachomoza, na hakuna dawa ila kukipanua kijia. Katika mfarishi huu kuna pindo moja tu, juu kulia, lililokatwa kupita kiasi. Fundi amelifunika kwa mishono ya uzi mwekundu inayofanana na mizizi. Ujanja mzuri, ila ukisogea karibu unaonekana.

Kinachokizamisha kijia hasa ni mishono ya kuunganisha tabaka tatu: uso, pamba ya katikati na bitana. Ndani ya njia mistari imeachana milimita 3 tu, nje yake imeachana sentimita 4. Penye mishono ya karibu pamba hulala, penye mishono ya mbali huvimba. Hatari yake ni kwamba sehemu iliyoshonwa sana husinyaa na kuivuta nguo nzima, kingo zikacheza kama wimbi. Kuna kinga mbili: kuanza kushona katikati ukienda nje, na kazi ikiisha kuilowesha, kuitandaza sakafuni, kuibana kwa pini kila sentimita 10 huku ukiipima pembe kwa pembe, na kuiacha hivyo hadi ikauke. Huu wa Pemba umening'inia wima bila kucheza, maana yake hatua hiyo haikurukwa.

Michenzani inasikitisha, kwa sababu wazo lake ndilo bora kuliko yote. Majumba ni vitenge vya kijivu vilivyokatwa mstatili, na kijia kinachokatisha kimetengenezwa kwa majina ya kanga. Ukiinamisha shingo unasoma: Njia ya mwongo ni fupi. Mcheshi huyo apewe heshima yake. Lakini jina la kanga limechapwa sambamba na ukingo wa kanga, na ukanda wake ukikatwa vile vile ulivyochapwa, nyuzi zimesimama na haziinami. Ukiulazimisha kupinda, upande wa ndani unajaa makunyanzi, na ndivyo ilivyo hapa katika kona zote mbili. Ukanda wa kupinda hukatwa hanamu, yaani kwa mshazari wa digrii 45, hunyooshwa kwa pasi ukifuata mviringo, kisha upande wa ndani hushonwa mwanzo na wa nje mwisho. Kwa maandishi hanamu haifai, maneno yangekatikakatika. Dawa ilikuwa kuligawa jina katika vipande vifupi vya neno moja moja na kuviunga kwa pembe. Kuhusu kidole: hapa kinapanda.

Kosa la pili ni la kufua. Wekundu wa kanga umeingia kwenye kitambaa cheupe cha madirisha, ukaacha madoa ya rangi ya waridi. Kanga mpya ina wanga na rangi iliyobaki juu ya nyuzi, na huruka zaidi ikifuliwa kuliko kitambaa kikuukuu. Ifuliwe peke yake kwa sabuni na maji ya moto kabla ya mkasi kuigusa, mpaka maji yatoke meupe. Kisha bana kitambaa cheupe kilicholowa juu yake kwa pasi. Kikipata rangi, kanga hiyo isikae jirani na weupe. Chumvi na siki wanazosifu wengi haziishikishi rangi ya kanga iliyokwisha kuchapwa kiwandani.

Wa mwani umeshonwa wote kwa cherehani. Kamba za mwani ni mistari iliyonyooka, na kijia cha wakulima kinajipenyeza baina yake kwa mshono huru, meno ya cherehani yakiwa yameshushwa na kitambaa kikiongozwa kwa mikono. Picha imetulia, rangi za mchanga na maji zimechaguliwa na mtu anayeijua pwani ya bamvua. Geuza nyuma: kuna vitanzi vya uzi kwenye kila pindo la kijia. Hiyo ni dalili ya mkono kukimbia kuliko sindano, au uzi wa juu kulegea. Mishono mingine ina milimita 2, mingine 6. Sindano namba 90 na mwendo wa mguu usiobadilika vingeondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo. Tena katikati wametumia pamba ya plastiki, ile inayojazwa kwenye mito, nayo imeanza kutoa manyoya meupe kupitia kitambaa cha buluu. Kwa hali ya hewa yetu, kanga kuukuu 2 zilizopandishwa zingekaa vizuri zaidi, na mfarishi ungekuwa mwembamba.

Yote mitatu ina mfuko wa fimbo nyuma, upana sentimita 10, umeishia sentimita 3 kabla ya kila ukingo ili fimbo isionekane. Vizuri. Ila duka limeigandisha ukutani kabisa, na kuta za mawe na chokaa hunywa maji. Baada ya masika moja bitana itakuwa na madoa ya kuvu. Ukiupeleka nyumbani, ning'iniza fimbo kwenye boriti kwa kamba, au weka vipande vya mbao nyuma ili hewa ipite sentimita 2, na usiuangike mkabala na dirisha la jua la mchana.

Wa Pemba tungeununua kwa bei iliyoandikwa. Wa mwani uulizie kama watakubali kubadilisha pamba kabla ya kulipa. Wa Michenzani waombe waushone upya, jina lile lile.