TAHADHARI: Meseji ya tapeli inaingia palepale zilipo meseji za benki yako

Ndugu zangu, kabla hujabonyeza linki yoyote inayodai kutoka benki, naomba usome haya.

Dada yangu mkubwa amepoteza akiba yake. Meseji ilimwambia akaunti yake itafungwa siku hiyohiyo asipohakiki taarifa zake. Dada si mtu wa kukurupuka. Alitazama jina la mtumaji, akakuta ni jina la benki yake. Akapandisha juu, akakuta meseji za miamala yake ya miezi iliyopita. Nani angeshuku hapo?

Kumbe simu hupanga meseji kwa kufuata jina la mtumaji tu. Tapeli akifanikiwa kutuma kwa jina la benki, simu inaiweka meseji yake pamoja na zile za kweli, hata kama hakuna aliyeingilia mitambo ya benki. Hata namba unayoiona unapopigiwa inaweza kughushiwa hivyohivyo.

Ukurasa uliofunguka ulifanana na wa benki, hadi alama ya kufuli ilikuwepo. Kufuli hiyo maana yake ni kwamba mawasiliano kati yako na ukurasa huo yamefichwa yasisomwe njiani. Haikuambii mwenye ukurasa ni nani, na tapeli anaipata bure. Dada akajaza jina na neno lake la siri. Upande wa pili, tapeli alikuwa anayaingiza papo hapo kwenye tovuti ya kweli, na benki ikamtumia dada namba ya uthibitisho, halali kabisa. Ukurasa ukamwomba aijaze. Akaijaza.

Benki ilimjibu: "Umeidhinisha mwenyewe."

Jibu hilo limeniuma kuliko hata hasara yenyewe. Benki inaijua mbinu hii. Kila mara inamtumia dada meseji za mikopo na promosheni, lakini haijawahi kumwambia kwamba meseji ya tapeli inaweza kukaa katikati ya zake. Tangazo lao ni lile la siku zote, usimpe mtu namba yako ya siri. Dada hakumpa mtu! Aliijaza mahali alipoamini ni benki kwenyewe. Halafu kuna benki ambazo zenyewe hutuma linki kila uchao, zinamzoesha mteja kubonyeza, na siku akibonyeza ya tapeli wanamwita mzembe.

Mafunzo ninayodai hayana gharama kubwa. Mtu anapofungua akaunti, aonyeshwe meseji ya kitapeli ilivyo, aishike na kuikagua. Aambiwe waziwazi mambo ambayo benki haitamwomba kamwe, kama kuhamishia pesa kwenye "akaunti salama" au kupakua programu ya kumruhusu mtu aendeshe simu yake kutoka mbali. Na ile meseji ya uthibitisho yenyewe ifundishe, iseme ni kiasi gani kinatoka na kinakwenda kwa nani. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Septemba 14, 2019 zinataka mlipaji wa mtandaoni aonyeshwe kiasi na mpokeaji anapoidhinisha malipo. Dada angeona jina la mtu asiyemjua, angesita.

Kwa sasa tujilinde wenyewe. Usiingie benki kupitia linki, fungua programu ya benki au andika anwani kwa mkono. Laini ikikata mtandao ghafla bila sababu, wahi kuuliza, huenda mtu ameihamishia namba yako kwenye laini yake. Na kama umeshajaza, usingoje kesho: piga namba iliyo nyuma ya kadi, akaunti izuiwe, kisha badilisha neno la siri ukitumia kifaa kingine na uende polisi.

Ukiipokea meseji kama hiyo usiifute. Piga picha ya skrini, ipeleke tawini, na uwaulize lini watawatahadharisha wateja wengine.