Viatu vya wagonjwa wa kisukari: uzoefu wangu na duka lililoniambia "kikibana utasikia"

Viatu hivi ninavyo kwa miezi kadhaa sasa, na ningevisifu kwa moyo mweupe kama nisingelazimika kulitaja duka nililovinunua. Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo lililonipata ni la aina inayoweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa mguu.

Nina kisukari cha siku nyingi, na kwa miaka kadhaa nyayo zangu zimekufa ganzi. Ganzi hii huanzia kwenye vidole, kwa sababu mishipa ya fahamu inayofika huko ndiyo mirefu kuliko yote mwilini na ndiyo inayotangulia kuharibika, kisha hupanda taratibu kuelekea kwenye vifundo kana kwamba mtu anavishwa soksi. Wasioijua hudhani kwamba mwenye ganzi amepumzishwa maumivu. Si hivyo hata kidogo. Usiku miguu yangu huwaka moto na kuchomachoma, na shuka likigusa tu vidole usingizi huondoka. Lakini mchana miguu hiyohiyo inaweza kukanyaga kipande cha chupa nami nikaendelea na safari yangu. Kila nikienda kliniki, muuguzi huniambia nifumbe macho, akanigusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, nami hutakiwa kusema ni wapi nimeguswa. Akifika sehemu ya mbele ya unyayo wa kulia, sisemi kitu, kwa kuwa sina cha kusema.

Kwa hiyo kliniki ilinielekeza nitafute viatu maalumu, vyenye nafasi pana mbele, soli laini ndani, na visivyo na mshono wala ukingo wowote unaoweza kukwaruza ngozi. Nilivipata katika duka moja la vifaa tiba katikati ya Dar es Salaam. Boksi lilikuwa na maandishi makubwa kwamba ni viatu vya wagonjwa wa kisukari, na bei yake ilikuwa ya kunifanya nipunguze matumizi mengine ya nyumbani kwa mwezi mzima. Nilikwenda jioni, kama tulivyofundishwa, kwa sababu kufikia jioni miguu huwa imevimba kidogo na kiatu kinachokaa vizuri asubuhi kinaweza kuwa kimebana wakati huo.

Nilimweleza kijana muuzaji, kwa lugha ya upole, kwamba miguu yangu haina hisia, na nikamwomba anipime. Hakuinua macho kwenye simu yake. Alisema, "Bi mkubwa, wewe jaribu tu, kikibana utasikia."

Nilimrudia kwamba shida yangu ni hiyohiyo ya kutosikia. Akanijibu kwamba wateja wote hujaribu hivyo na hakuna aliyelalamika.

Naomba msomaji alipime jibu hilo. Mtu asiye na hisia miguuni hawezi kuchagua kiatu kwa kusikia, na ubaya wake ni zaidi ya hapo: kiatu kinachombana ndicho yeye atakachokiona kinamkaa vizuri, maana mguu uliokufa ganzi huhitaji kubanwa sana ndipo ujue kwamba umevaa kitu. Anayemwambia mtu kama huyo "kikibana utasikia" anamsukuma achukue kiatu kidogo. Kipimo kinachofaa ni rahisi mno. Mteja husimama juu ya karatasi kwa uzito wake wote, mguu ukachorwa kwa penseli, mchoro ukakatwa na kuingizwa ndani ya kiatu. Karatasi ikikunjika pembeni, kiatu hicho ni chembamba, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote inatakiwa ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Duka zima lenye mizani, viti vya magurudumu na mashine za kupimia shinikizo la damu halikuwa na karatasi wala penseli kwa ajili ya kazi hiyo. Nilitumia karatasi yangu mwenyewe niliyokuwa nayo mkobani, nikaazima kalamu kwa mteja mwenzangu, mama mmoja aliyeinama akanichorea bila kuombwa mara mbili. Namshukuru sana. Kijana alitutazama kama watu wanaomchelewesha.

Viatu vilitosha. Nyumbani nikaviingiza mkono ndani, nikapapasa kote, nikaona laini. Nikaanza kuvivaa saa moja hivi kwa siku, nikivua na kukagua nyayo, na kuongeza muda kidogo kidogo. Ngozi ilikuwa salama, mwendo wangu ukatulia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikwenda sokoni na kurudi bila hofu. Siku hizo nilikuwa na furaha ya kweli na nilikwisha kuwaeleza wenzangu wawili wa kliniki kwamba wavitafute.

Kisha, jioni moja, mjukuu wangu ambaye ndiye hunikagulia nyayo akasema, "Bibi, soksi ina damu." Huvaa soksi nyeupe zisizobana kwa sababu hiyohiyo, ili damu ionekane. Pembeni mwa kidole kidogo cha mguu wa kulia palikuwa na tundu la upana wa kifungo cha shati. Sikuwa nimesikia lolote mchana kutwa.

Habari za kidonda sitazirefusha. Kilinirudisha kliniki kwa kufungwa tena na tena, nikakatazwa kuukanyagia mguu ule, na kwa wiki nyingi nilikuwa mtu wa kuletewa maji ya kunawa kitandani. Kilipona bila kufika kwenye mfupa, namshukuru Mungu.

Lililobaki moyoni ni siku niliyorudi dukani. Nilikwenda na kiatu, soksi na risiti, nimeshikwa mkono na mwanangu. Nilimwonyesha kijana yuleyule mahali ambapo kitambaa cha ndani kilikuwa kimeanza kuinuka. Alikitazama, akakisukuma kiatu juu ya meza ya kaunta, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Kama miguu yako haisikii, ulijuaje kwamba kiatu kimekuumiza?" Watu wawili watatu wakacheka. Halafu akaongeza kwamba viatu havina tatizo, miguu yangu ndiyo mibovu, na akanionyesha maneno yaliyo chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma yake. Alisikia kila neno, akaendelea kuhesabu fedha zake.

Nimefundisha watoto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na nimezoea utovu wa adabu wa vijana, nao nausamehe. Hili silisamehi, kwa kuwa swali lile lina jibu, na muuza viatu vya wagonjwa wa kisukari alipaswa kulijua kabla ya kuuza jozi ya kwanza: nilijua kwa macho, kwa sababu macho yangu, na ya wajukuu wangu, sasa ndiyo yanayofanya kazi iliyoachwa na mishipa ya fahamu. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore nchini India mwaka 1946, aliona kwamba vidonda vingi vya miguu ya wagonjwa wa ukoma vilitokana na kuumia bila kuhisi, na kutokana na ugunduzi huo vikatengenezwa viatu vya kulinda miguu ya aina hiyo. Maarifa hayohayo ndiyo yaliyokuja kutumika kwetu sisi wenye kisukari. Wala si maarifa ya mbali. Hapa hapa Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas amejulikana kwa miaka mingi kwa kazi yake ya kuokoa miguu ya wagonjwa wa kisukari. Duka lile liko ndani ya jiji hilohilo.

Mwanangu anasema tupeleke shauri kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na maandishi ya kwenye boksi yalikuwa ahadi. Bado tunalifikiria, nguvu za kufuatilia mafaili si zile za zamani.

Sasa nikitendee haki kiatu chenyewe. Fundi viatu wa mtaani kwetu alikifungua mbele yangu. Alikuta kile kipande kigumu kinachoshikilia umbo la mbele kimeachia gundi, na ncha yake imetokeza chini ya kitambaa. Akaikata, akaisugua, akabandika ngozi laini juu yake, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye kiatu cha kushoto ingawa hakikuwa na kasoro. Malipo aliyoomba yalikuwa madogo sana, na kabla ya kunikabidhi aliingiza mkono wake ndani na kupapasa kila kona, kisha akaniambia nami nipapase. Hakuna aliyemfundisha. Tangu siku hiyo navivaa, nyayo ni nzima, na lazima nikiri kwamba sijawahi kuwa na viatu vinavyonikalia vizuri kuliko hivi.

Kwa sababu hiyo nilikusudia kumalizia kwa kuvipendekeza. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo na haikubali. Siwezi kumwambia mwenzangu mwenye ganzi alipe fedha zote zile kwa kiatu kinachohitaji kufumuliwa na fundi kwanza, katika duka ambalo akipata kidonda atachekwa. Mtu mwenye hisia kamili miguuni na avinunue, ni viatu vizuri, na gundi ikiachia atasikia siku ileile. Sisi tulioandikwa kwenye boksi tusivinunue hapo, mpaka duka liweke kiti, karatasi na penseli, liache kuificha kasoro ya bidhaa nyuma ya risiti, na lilipie matibabu ya kidonda changu.