Amplifaya uiweke juu ya nini? Sehemu tano, kuanzia nzuri hadi mbaya

Kabla hujatoa hela ya stendi, chukua glasi ya maji, iweke pale unapopanga kuweka amplifaya, kisha piga wimbo wenye besi nzito kwa sauti unayosikilizia kila siku. Maji yakichezacheza, tafuta pengine. (Glasi itoke kabla ya waya kufika, tafadhali.)

Chaguo langu la kwanza ni rafu ya ukutani. Ukuta wa tofali za saruji ni mzito, spika haiwezi kuutikisa kirahisi. Mwambie fundi akuchanie ubao wa mninga au mkongo wa inchi moja, aufunge kwa mabano ya chuma na skrubu ndefu. Kama ukuta wako ni wa jipsamu, ruka hapa.

Ya pili, ambayo kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta inakuwa ya kwanza, ni meza fupi nzito yenye kipande cha granaiti juu yake. Ulizia mabaki kwa mafundi wa kaunta za jikoni. Jiwe peke yake halitoshi. Chini yake weka pedi nne za mpira, zile za mashine ya kufulia, maana mpira ndio unaokata mtikisiko. Uzito wa jiwe unausaidia tu.

Kabati la TV nimeliweka la tatu kwa shingo upande. Mengi ni ya mbao za kubandikwa, yanapinda, na mgongo umezibwa. Hapo joto ni adui mkubwa kuliko mtikisiko: maisha ya kapasita za elektroliti (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya amplifaya) hupungua kwa takriban nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Toboa mgongo wa kabati, acha nafasi ya sentimita 10 juu ya amplifaya, na kile kitambaa cha kufuma kikatafute stuli ya kupamba.

Sakafuni? Kwenye vigae panatulia vizuri, ila kuna vumbi, maji ya kudekia na mende.

Mkiani kabisa ni juu ya sabufa. Najua, kwenye chumba kimoja panavutia kwa sababu sabufa tayari inafanana na meza. Lakini boksi lile kazi yake ni kutikisika. Miaka ikipita, skrubu hulegea na lehemu kwenye vifaa vizito ndani ya amplifaya huweza kupata nyufa. Ndiyo ile redio inayolia upande mmoja mpaka uipige kofi.

Usiuziwe miguu ya shaba ya bei mbaya ya kuweka chini ya amplifaya. Amplifaya ya transista haibadilishi sauti kwa sababu ya mtikisiko wa kawaida wa sebuleni. Mwenye amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za mtindo wa zamani), au anayepiga sahani za santuri, ndiye atumie pesa hapa: valvu hunasa mtikisiko kama maikrofoni, na sindano ya santuri ikiuchukua, spika huanza kuunguruma zenyewe.

Ukisikia mvumo wakati hakuna muziki, sogeza sikio. Mvumo ukitoka kwenye boksi la amplifaya badala ya spika, ni transfoma: umeme wetu wa hezi 50 huifanya itetemeke mara 100 kwa sekunde, na meza nyepesi huukuza mvumo huo. Hapo zile pedi nne za mpira zinatosha, hata bila granaiti.