Boma la Iringa, pitieni jamani

Wazee mnaopita Iringa kuelekea Ruaha au Mbeya, msipitilize, ingieni Boma pale mjini. Jengo Wajerumani walilijenga 1900 liwe hospitali ya jeshi, baadae likawa ofisi za serikali weee mpaka 2016 ndo likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa.

Mi nimependa walivyolikarabati bila kulivuruga. Vyumba havikujengwa kwa ajili ya maonyesho, vidogo vidogo, sasa badala ya kuvunja kuta wamegawa historia humo humo, unatoka chumba hiki unaingia kile, Wahehe, chifu wao Mkwawa na vita yake na Mjerumani, vyombo vya zamani, na ukiwa unasoma habari za Mkwawa unakumbuka umesimama kwenye kuta za adui yake, aisee inagonga.

Na msidhani kubadili jengo ni kupaka rangi tu. Chicago kuna jengo la maonyesho ya 1893, manguzo kama hekalu la Kigiriki, nje lilikuwa plasta tupu ikawa inabomoka, ikabidi walivalishe mawe upya ndo 1933 likafunguliwa makumbusho ya sayansi. Letu lilizaliwa gumu.

Kuna kahawa na duka la vitu vya asili pia, vikapu ni vizuri mno. Ila fuvu la Mkwawa usilitafute hapa, lipo Kalenga, nje kidogo ya mji, panga siku nzima umalize vyote.