Bima ya safari iliyonilipia upasuaji ugenini, na pale iliponiangusha

Usiku wa pili wa safari tumbo lilinianza kuuma karibu na kitovu. Kufikia alfajiri maumivu yalikuwa yamehamia chini upande wa kulia, mguu siwezi kuunyoosha, nikikohoa machozi yananitoka. Kumbe ni kidole tumbo. Nilikuwa katika nchi ambayo lugha yake siijui hata salamu, na kinga yangu pekee ilikuwa bima ya wiki 3 niliyoikata ili nipate viza. (Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano, inataka bima isiyopungua yuro 30,000, inayogharamia pia kurudishwa kwenu ukiugua au ukifariki.)

Kilichoniokoa ni namba ya simu ya saa 24 iliyoandikwa kwenye kadi ya bima. Mwenzangu aliipiga kabla hatujatoka hotelini. Waliuliza namba ya bima, tulipo, dalili, na simu ya kutupata, kisha wakatuelekeza hospitali wanayofanya nayo kazi, wakisema hali ikizidi tuite gari la wagonjwa tukimbilie iliyo karibu, taarifa itafuata. Ile simu ndiyo iliyofanya kulazwa kwangu kutambuliwe. Masharti yangu yalisema wazi kwamba kulazwa bila kuwajulisha kunaweza kupunguza malipo, na mimi sikuwa nimeyasoma.

Mapokezi walitaka amana kwanza. Barua ya dhamana kutoka kwa bima, ile ya kuiahidi hospitali kwamba watalipa, ilichelewa saa 4 nzima, nami najikunja kwenye kiti. Tulilipa kwa kadi ya benki. Hapo ndipo ninapowalaumu kwa dhati: mgonjwa wa dharura hapaswi kungojea barua pepe. Asiyekuwa na akiba kwenye kadi angefanyaje? Ubalozini hawalipi bili za hospitali. Watakupa orodha ya madaktari na kuwatafuta ndugu zako, basi.

Barua ilipofika, mambo yakanyooka. Upasuaji, siku za kulazwa na vipimo vililipwa moja kwa moja, bili kubwa sikuiona kabisa. Wakanipa na mkalimani kwa simu. Daktari alipouliza dawa ninazotumia, jina la kibiashara la vidonge vyangu vya presha halikumwambia kitu, lakini nilipotaja amlodipini akaelewa papo hapo. Tangu siku hiyo majina halisi ya dawa zangu ninayo kwenye karatasi ndani ya pasipoti.

Presha hiyo nilikuwa nimeitaja kwenye fomu nilipokata bima, ingawa iliniongezea malipo. Nashukuru sana sikuificha, maana kabla ya kutoa ile barua waliomba kumbukumbu zangu za miaka 2 kutoka kwa daktari wangu. Ningekuwa nimeandika "sina ugonjwa wowote", nina hakika wangepata sababu ya kunikatalia.

Kurudi nako kulihitaji cheti cha daktari kwamba naweza kupanda ndege, kwa sababu hewa inayobaki tumboni baada ya upasuaji hutanuka ndege ikipaa. Bima ililipa tiketi mpya yangu. Ya mwenzangu hawakulipa, wala hoteli yake, na hilo limo kwenye masharti kwa maandishi madogo.

Madai ya vitu vidogo ndiyo yaliyonichosha. Amana ilirudi baada ya wiki 7, imepunguzwa kile kiasi ambacho masharti yangu yanataka nijibebee mwenyewe. Walitaka risiti halisi, ripoti ya hospitali yenye jina la ugonjwa, tafsiri yake, na uthibitisho kwamba nimelipa. Kila nilipotuma kimoja wakaomba kingine, badala ya kunipa orodha yote mara moja.

Ningeikata tena? Ndiyo, kwa ajili ya ule usiku mmoja, ila safari hii nitaanza kwa kuuliza wanachukua muda gani kutoa dhamana, na mwenzangu nitamkatia yenye kulipia anayebaki na mgonjwa.

Dai la dawa nilizonunua baada ya kuruhusiwa wamelikataa, kwa kuwa risiti ina jumla tu, haina majina ya dawa. Nimekata rufaa, na nimeliandikia lile duka la dawa linitumie risiti yenye mchanganuo.