SHT31 ya Sensirion: kihisi kizuri cha unyevu, ukiuheshimu utando wake

Ghala la mahindi, kikaushio cha sola, banda la vifaranga, kabati la kukuzia uyoga: miradi mingi ya mwaka wa mwisho wa uhandisi huhitaji kipimo cha unyevu wa hewa, na wanafunzi wengi hukimbilia kihisi cha DHT22 kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka la elektroniki. Tathmini hii inahusu SHT31 ya kampuni ya Sensirion. Kwa utafiti ambao takwimu zake zitatetewa mbele ya jopo, tunaipendekeza bila kusita. Ila kuna sharti. Ndani ya chipu hii mna utando wa polima unaokunywa mvuke wa maji, na asiyejua tabia za utando huo ataharibu kihisi cha bei kubwa au, baya zaidi, atakusanya takwimu potofu miezi mitatu mfululizo huku kila kitu kikionekana kiko sawa.

Teknolojia yenyewe ina historia ya maabara. Kihisi cha unyevu cha utando mwembamba wa polima kilitolewa na Vaisala ya Finland mwaka 1973 kwa jina la HUMICAP, kazi iliyoongozwa na Tuomo Suntola. Sensirion ilizaliwa mwaka 1998 kutoka chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, na mchango wake mkubwa ulikuwa kuweka utando wa kupimia, kikuza ishara na kumbukumbu ya urekebishaji juu ya kipande kimoja cha silikoni. SHT31 ina upana wa milimita 2.5 kwa 2.5 na kimo cha milimita 0.9. Tundu dogo la duara unaloliona juu yake ndiko utando unakopumulia. Tundu hilo lisiguswe kwa kidole, kwa kibanio wala kwa pamba.

Namna kinavyofanya kazi ni hii. Polima imekaa kati ya elektrodi mbili, kama kapasita, yaani kifaa kinachoshika chaji ya umeme. Polima kavu ya aina hii huwa na kipimo cha dielektriki cha kama 3 au 4, ilhali maji yana takriban 80. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, molekuli za maji huingia ndani ya utando, uwezo wa kapasita hupanda, na chipu huugeuza kuwa namba. Hewa ikikauka, maji hutoka. Kuingia na kutoka huko hakulingani kabisa: unyevu ukipanda hadi asilimia 50 na ukishuka hadi asilimia 50, namba mbili utakazosoma zinaweza kutofautiana kidogo. Mtengenezaji anataja takriban asilimia 0.8 kila upande. Ni kiasi kidogo, lakini anayechora mikunjo ya ufyonzaji wa maji kwenye sampuli zake asikidai kihisi hiki kimwonyeshe tofauti ndogo kuliko hiyo.

Usahihi unaotajwa ni asilimia 2 juu au chini kwa unyevu, na sehemu chache za kumi za nyuzi moja kwa joto. DHT22 nayo hutangazwa kwa asilimia 2, lakini maelezo yake ya kiufundi yanakiri kuwa inaweza kufika 5, na haisomeki zaidi ya mara moja kila sekunde mbili. SHT31 humaliza kipimo cha ubora wa juu ndani ya milisekunde 15. Utando wenyewe ni wa polepole zaidi ya hapo: kufika asilimia 63 ya badiliko huchukua sekunde kama 8, tena hewa ikiwa inapita kwa mita moja kwa sekunde. Ndani ya gunia ambamo hewa haitembei, subiri dakika kadhaa. Kwa hiyo kusoma mara kumi kwa sekunde hakukupi taarifa yoyote ya ziada, na chipu inapopimishwa mfululizo hujipasha joto kidogo. Kipimo kimoja kila dakika kinatosha kwa ghala, na katikati ya vipimo chipu hupumzika ikila chini ya maikroampia moja kwa kawaida. Betri itakushukuru.

Upande wa waya hauna mambo mengi. Chipu hukubali volti 2.15 hadi 5.5, kwa hiyo bodi za kudhibiti kama Arduino ya volti 5 na ESP32 ya volti 3.3 zote zinafaa. Hutumia basi la I2C (njia ya pamoja ya mawasiliano yenye laini mbili, SDA ya data na SCL ya saa), anwani 0x44, au 0x45 ukiunganisha pini ya ADDR na volti chanya. Bodi nyingi zinazouzwa tayari zina rezista za kilo-omu 10 kati ya laini za data na volti chanya. Kwa waya wa sentimita 20 hizo zinatosha. Ukifika mita moja, ongeza za kilo-omu 4.7, teremsha kasi hadi kilohezi 100, na usizilaze SDA na SCL bega kwa bega. Pitisha waya wa ardhi katikati yao. Ukitaka vihisi zaidi ya viwili, tumia kigawanyaji cha TCA9548A chenye njia nane.

Anayeandika programu mwenyewe atume amri 0x2400, asubiri milisekunde 15 au zaidi, kisha asome baiti sita: mbili za joto na moja ya ukaguzi, mbili za unyevu na moja ya ukaguzi. S ikiwa namba ya baiti mbili husika, joto ni −45 + 175 × S ÷ 65535, unyevu ni 100 × S ÷ 65535. Baiti ya ukaguzi usiipuuze. Ni CRC (msimbo wa kugundua makosa ya data) ya biti 8 yenye polinomia 0x31 inayoanzia 0xFF, na njia ya kujua kama umeiandika vizuri ni kuipa 0xBEEF: jibu lazima liwe 0x92. Waya ukilegea shambani, ukaguzi huu ndio utakaokuzuia kuingiza upuuzi kwenye jedwali.

Sasa tuje kwenye makosa yanayoharibu tafiti nyingi kuliko yote. La kwanza ni joto la bodi. Kihisi hupima unyevu wa hewa iliyo juu ya utando wake, na hewa hiyo ikipashwa joto asilimia hushuka ingawa mvuke ni ule ule. Tuseme ghala lina nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80. Ukibandika SHT31 kwenye kisanduku kimoja na ESP32 inayorusha Wi-Fi, na utando ukapata nyuzi 28, kihisi kitaandika asilimia 67. Kihisi hakijakosea hata kidogo. Hiyo ndiyo hali ya hewa iliyokizunguka. Lakini kwa mahindi, asilimia 67 ni salama, na hulingana na nafaka yenye maji kama asilimia 13.5, kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki. Asilimia 80 ni mahindi yenye maji zaidi ya asilimia 15, yanayokaribisha ukungu. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Hitilafu ya nyuzi tatu si ya kudharauliwa. Toa kihisi nje ya kisanduku kwa waya wa sentimita 15 au zaidi, na kama kipo kwenye bodi moja na vifaa vingine, kata mfereji kwenye bodi kukizunguka ili shaba isilete joto.

La pili ni kemikali. Polima inayokunywa maji hunywa pia mvuke wa asetoni, spiriti, gundi na rangi, na molekuli hizo hukaa mahali ambapo maji yangekaa. Silikoni ile yenye harufu ya siki ya kuzibia vioo ni adui mkubwa. Watu huitumia kuziba kisanduku kisha wanakifunga hapo hapo kabla haijakauka. Acha ikauke siku kadhaa mahali penye hewa kabla ya kuweka kihisi. Usikihifadhi ndani ya sponji ya waridi ya kufungashia vifaa vya elektroniki, wala usioshe bodi kwa spiriti baada ya kulehemu. Tumia risasi ya kulehemu yenye fluksi isiyohitaji kuoshwa, na ziba tundu kwa mkanda wa Kapton (unaostahimili joto) unapolehemu vifaa vya jirani.

Kwenye maghala kuna jambo moja zaidi: vidonge vya kufukizia wadudu. Gesi ya fosfini hula shaba, na kihisi pamoja na bodi yake havitakiwi kuwa ndani wakati wa kufukiza. Panga toka mwanzo kihisi kitoke kwa plagi bila kufungua kisanduku kizima. Watafiti wengi hulikumbuka hili wakati nyaya zimeshageuka nyeusi.

La tatu linawahusu zaidi wa pwani. Eneo la kawaida la kazi la SHT31 ni asilimia 20 hadi 80 za unyevu. Kikikaa muda mrefu juu ya 80, utando hufura polepole na usomaji hupanda kwa pointi chache, kisha hurudi wenyewe taratibu hewa ikikauka. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, usiku mwingi wa mwaka unyevu huvuka 80. Ukiona kihisi chako cha Unguja kinasoma juu kidogo kuliko mwenzake wa Dodoma, usikimbilie kukitupa. Kilaze ndani ya chumba chenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50 kwa siku chache kisha ukipime tena.

Kukipima hakuhitaji maabara ya taifa. Chumvi ya mezani iliyoloana, ndani ya chombo kilichofungwa, hushikilia unyevu wa asilimia 75.3 kwenye nyuzi 25 na 75.1 kwenye nyuzi 30, yaani joto la chumba karibu haliibadilishi. Chukua chupa ya kioo ya nusu lita yenye mfuniko. Weka gramu 50 za chumvi, dondoshea maji mililita 15 ukikoroga, hadi ifanane na mchanga uliolowa. Punje zionekane zimebaki, maana zikiyeyuka zote kipimo kimeharibika. Ning'iniza kihisi sentimita tano juu ya chumvi bila kugusa chumvi wala ukuta, pitisha waya kwenye tundu la mfuniko na uzibe kwa nta kwa nje. Iache usiku kucha mahali pasipopigwa na jua wala feni. Asubuhi namba ikiwa kati ya 73 na 77, kihisi kiko ndani ya ahadi ya mtengenezaji. Kwa pointi ya pili, kloridi ya magnesiamu iliyoloana hutoa asilimia 32.8 kwenye nyuzi 25. Pointi moja hukuonyesha kuhama tu. Mbili hukuonyesha kama mwinuko wa mstari wa usomaji (namba inavyopanda unyevu ukipanda) nao umebadilika, na uchafuzi wa kemikali mara nyingi huharibu mwinuko.

Kikisoma chini mno mara tu baada ya kulehemiwa, kuna uwezekano utando umekauka kupita kiasi kwa joto la kulehemu. Dawa yake ni saa 12 ndani ya chupa hiyo hiyo ya chumvi. Kikiwa kimechafuka kwa kemikali, kuna utaratibu wa kukifufua: oveni ya maabara kwenye nyuzi 100 hadi 105, hewa kavu chini ya asilimia 5, kwa saa 10, kisha saa 12 kwenye nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa takriban asilimia 75. Toa nyaya na soketi za plastiki kwanza. Oveni ya jikoni isitumike, kwani joto lake huruka juu ya kikomo bila onyo. Uchafuzi mzito haurudi hata kwa njia hii.

Chipu ina kipasha joto cha ndani pia, amri 0x306D kukiwasha na 0x3066 kukizima. Kiwashe kwa muda mfupi: joto likipanda na unyevu ukishuka kwa pamoja, utando ungali hai. Ni njia nzuri ya kukagua kihisi kilichoko mbali bila kupanda gari. Vipimo vilivyochukuliwa kipasha joto kikiwa kinafanya kazi, na dakika chache baadaye, vifutwe.

Unaponunua, jihadhari na bodi zinazouzwa kwa bei ya kushangaza. SHT30, SHT31 na SHT35 hutumia amri zile zile, hivyo programu yako haitakuambia umeuziwa ipi. Chupa ya chumvi itakupa fununu, lakini risiti ya muuzaji anayetambuliwa ni bora zaidi. Kwa mazingira ya vumbi, chukua toleo lenye utando wa kinga wa PTFE (Teflon) juu ya tundu.

Kama kazi yako ni ya unyevu mkali usiokoma, mfano kabati la uyoga au chumba cha ukungu, tunashauri uangalie SHT45 ya kampuni hiyo hiyo. Kipasha joto chake kina ngazi za hadi miliwati 200, kinachoweza kukausha umande na kuvuta unyevu uliokwama ndani ya polima kwa mipigo mifupi. Inakubali volti 1.08 hadi 3.6 tu. Ukiiunganisha moja kwa moja na Arduino ya volti 5 utaiua, kwa hiyo weka kibadilisha volti katikati.